Banda la Makosa la Darasa la Saba

Wiki ile ya kuniaga, kijana wetu Mwalimu Joeli alinivuta pembeni ya ofisi akanionyesha simu yake. Alikuwa na mwanafunzi mgonjwa, amelazwa Sumbawanga mjini wiki ya tatu, na kila siku kabla ya kufuta ubao Joeli anaupiga picha na kumtumia mama wa mtoto. Picha zilikuwa safi sana, mwandiko umenyooka, majibu yote sahihi. "Siku hizi mtoto akiumwa hapitwi na kitu, Madam," aliniambia, na furaha ilikuwa imemjaa usoni. Nilicheka mpaka nikatafuta benchi la kukalia, maana nilijiona mwenyewe miaka ile, nikiwa na furaha hiyo hiyo na kosa hilo hilo. Nikamwahidi nitamwandikia. Sasa nimestaafu, mahindi yameingia ghalani, magoti yamegoma kwenda shamba, basi naandika, na ninyi wengine mliobaki na chaki mkononi msome pamoja naye.

Mambo ya kupandishwa madaraja sitayasimulia. Yako kwenye faili langu, na faili langu limepotea mara mbili.

Nianze siku ya kwanza. Mimi ni mtoto wa Mtowisa, huko chini bondeni kwenye mpunga na joto, na nilipangiwa shule hii ya juu, njia ya kwenda Matai, mwezi wa baridi kuliko yote. Nilishuka na sanduku la bati na kisweta chepesi cha kwendea kanisani. Nilipoingia darasani meno yalikuwa yanagongana, watoto wakaambizana kwamba mwalimu mpya anawaogopa. Aliyeniokoa ni Mwalimu Kalisti, mzee wa Hisabati, mrefu, aliyevaa koti moja la kahawia mwaka mzima. Alinivalisha koti lake mbele ya darasa, akaniambia nikae nyuma nimwangalie anavyofundisha.

Basi akamwita mtoto mmoja ubaoni, mtoto akaandika jibu la ovyo kabisa la hesabu ya kutoa. Mimi kwa wema wangu wa ualimu mpya nikanyanyuka, nikashika dasta ili nimfutie asiaibike. "Acha!" Mwalimu Kalisti alisema kwa sauti iliyonirudisha kwenye benchi. Akachukua chaki, akachora mstari kulizunguka lile jibu, pembe nne, kwenye kona ya kushoto ya ubao. "Hili ni banda," akasema. "Kosa likiingia humu halichinjwi mpaka tujue limetoka wapi." Darasa zima likacheka, na nadhani walinicheka mimi zaidi kuliko kosa. Halafu wakaanza kubishana. Huyu anasema amesahau kuazima, yule anasema hapana, ameazima mara mbili. Dakika kumi nzima watoto thelathini waligombania jibu ambalo mimi nilitaka kulifuta, na kengele ilipogonga hakuna aliyetoka. Sijawahi kuliona darasa namna ile chuoni. Nilitoka mle nikiwa nimesahau baridi.

Tangu siku ile nikafundisha kwa banda. Mwalimu Kalisti alipostaafu aliniachia bikari yake ya ubaoni, ya mbao, mguu mmoja umefungwa kwa waya, na onyo moja: nisiogope kona ya kushoto. Nilidhani nimeelewa. Mnajua tunavyodhani tumeelewa.

Sasa nije kwa Skolastika, ambaye sote tulimwita Skola. Alikuwa darasa la saba, mwembamba, mwenye kuuliza maswali mpaka wenzake wanaguna. Mguu wake wa kulia ulikuwa na ugonjwa wa mfupa. Paja linavimba, linatoa usaha, linapona, halafu baada ya mwaka au miwili linaanza upya. Alipokuwa darasa la tano ugonjwa ulimlaza miezi mingi hadi akarudia mwaka. Mwaka huu ninaousema, baada ya Pasaka tu, paja likavimba tena, na safari hii madaktari wa mjini wakasema lazima mfupa usafishwe, naye akae wodini mpaka watakapojiridhisha. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa mwezi wa tisa.

Baba yake, Mzee Deusi, mkulima wa ulezi na mahindi, alikuja ofisini na kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya. "Mwalimu, nimemrudisha darasani mara moja, nikasema sawa," alisema. "Akikosa mtihani mwaka huu tena, mimi namwacha nyumbani akae na bibi yake. Simlaumu mtoto. Lakini kila mwaka nimpeleke akae na watoto wadogo wa wenzangu, mpaka lini?" Nilimwambia atafanya mtihani mwaka huu huu. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye mpango. Mpango sikuwa nao.

Nilivyofika darasani nikawa nao! Tulinunua daftari kubwa la kurasa nyingi, tukaliita daftari la Skola. Kila siku mtu ananakili masomo yote ya siku ile. Mwenye zamu kubwa alikuwa Editha, jirani yake wa dawati, msichana wa kwanza wa darasa, mwenye mwandiko ambao hata mkaguzi aliuliza ni wa nani. Usafirishaji ukapatikana vilevile. Kulikuwa na familia moja ya Kiislamu yenye maduka mjini na magari ya mizigo, na dereva wao Hamisi alipita kwetu kila asubuhi na Fuso akipeleka sabuni na chumvi Matai, jioni anarudi mjini na mahindi. Akawa analibeba daftari jioni, analirudisha asubuhi, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Wiki tatu mambo yakaenda kama saa. Nilijivuna, sitaficha. Nilimsimulia kila aliyesimama kunisalimia.

Kisha nikampa jaribio. Maswali ishirini, rahisi tu, ya vitu vilivyomo kwenye daftari lile zuri. Lilirudi asubuhi na Hamisi. Skola alikuwa amepata manne.

Manne! Mtoto ambaye hajawahi kuwa chini ya kumi na tano. Nilidhani homa imempanda. Nyuma ya karatasi alikuwa ameandika kwa penseli: "Shikamoo Mwalimu. Ninasoma kila kitu na ninaona kila kitu ni sawa, halafu nikifanya peke yangu sijui pa kuanzia. Editha anaandika vizuri sana. Lakini huku hakuna mtu wa kukosea naye."

Nilisoma mstari wa mwisho nimesimama barabarani, Fuso bado linaunguruma. Nikalifungua daftari ukurasa kwa ukurasa. Kila jibu sahihi, limepigiwa mstari kwa rula. Hakuna kona ya kushoto hata moja! Miaka yote nafundisha kwa banda, na siku ya kumtumia mgonjwa somo nimemtumia ubao baada ya kufutwa. Mwalimu Kalisti angeninyang'anya bikari yake. Nilipata aibu, lakini nawaambia kweli, nilifurahi zaidi ya kuaibika, kwa sababu sasa nilijua kilichokosekana.

Asubuhi ileile nikawaamuru darasa la saba: kuanzia leo daftari linabeba makosa. Kila kilichoingia bandani kinakiliwe, na jina la aliyekosea, na ubishi uliofuata. Wakaitikia "Ndiyo, Mwalimu" kwa pamoja, kwa adabu zao. Kesho yake nikalikagua kabla Hamisi hajapita. Safi kabisa. Mabanda yamechorwa kwa rula, na ndani yake majibu sahihi.

Nilirudia kusema, nikapandisha sauti, kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu nikamshika Editha. Aliangalia chini, akasema polepole: "Mwalimu, mgonjwa hapelekewi vitu vichafu."

Hapo nikakaa. Ninyi wageni wa nyanda hizi mnaweza kucheka, lakini tazameni watu wanavyokwenda hospitali kwetu. Unga wa ulezi wa uji umesagwa upya, shuka imefuliwa na kupigwa pasi, na habari mbaya za kijijini zinaachwa getini. Hata ng'ombe wake akifa mgonjwa haambiwi mpaka arudi. Watoto wangu hawakuwa wakaidi. Walikuwa wanamtunza mwenzao kama walivyofundishwa na mama zao, na mimi nikawa mwalimu wa ajabu anayetaka kumpelekea mtoto wa watu takataka kitandani. Zaidi ya hayo, Editha mwenyewe alikuwa amekosea wiki ile, jambo la nadra, na kosa lake akaliogesha na kulivisha kabla ya kulituma.

Sikubishana naye. Jumamosi nilimwomba mama yake, tukapanda kiti cha mbele cha Fuso mimi na Editha, tukaenda mjini.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi, Skola cha dirishani, mguu umefungwa bandeji mpaka kiunoni. Editha alimpa uji, akaulizia hali, akajibiwa nzuri, akaketi kwa heshima kama mgeni msibani. Dakika tano zikapita hivyo. Nikamwambia, "Editha, hebu mwambie mwenzako Jumanne ulivyojumlisha nusu na theluthi."

Alinitazama kwa uchungu! Lakini alisema. Alisema alijumlisha namba za juu na za juu, za chini na za chini, akapata mbili ya tano.

Macho ya Skola yakaanza kucheza. "Subiri. Mama ana nusu gunia la ulezi."

"Ndiyo."

"Akaongezewa theluthi ya gunia."

"Ndiyo."

"Sasa ana mbili ya tano, ambayo haifiki nusu." Skola akajaribu kukaa vizuri. "Kwa hiyo aliyemletea theluthi ni mwizi? Kaja kutoa msaada, kaondoka na ulezi wa mama?"

Editha alizuia kicheko mpaka machozi yakamtoka, halafu kikamponyoka. Akaanza kujitetea, eti alikuwa anafikiria njia nyingine, Skola akamwambia amwonyeshe hiyo njia, na wakaanza kuandika kwenye pindo la gazeti lililofungiwa mkate. Mama wa kitanda cha pili akaingilia kwamba ulezi haupimwi kwa theluthi, unapimwa kwa debe. Mtoto mwingine mwenye mkono uliofungwa akasema hata yeye angepata mbili ya tano. Nesi alikuja mbio akidhani kuna mtu ameanguka. "Hapa ni wodini, si sokoni!" akasema, halafu akasimama kumsikiliza Skola, na nilimwona anahesabu kwa vidole mgongoni. Tatu ya sita na mbili ya sita, tano ya sita, imetulia. Skola alijilaza kwenye mto akihema, uso umechangamka kuliko siku zote tangu alazwe. "Ndiyo hiki nilikuwa nataka," akasema.

Jumatatu Editha alichora banda kubwa, akaandika ndani mbili ya tano, na chini yake jina lake lote, la ubatizo na la ukoo. Wengine walipoona wa kwanza wa darasa ameingia bandani, nani tena abaki nje? Daftari likawa hai. Lilijaa ugomvi, mishale, "si kweli", "rudia hapa". Skola alijibu kila asubuhi, anamwambia huyu umeazima pasipo na deni, yule umesahau mabano. Na yeye akaanza kutuma makosa yake, tunayajadili ubaoni kana kwamba yuko dawati la tatu. Siku moja nikakuta banda nisilolijua mwandiko wake, herufi kubwa za mtu anayeandika akiegemea usukani: "Mimi dereva nimepata arobaini. Nimekosea wapi?" Tulitumia kipindi kizima kwa ajili ya Hamisi. Alikuwa amesahau sifuri, maskini, na tulimwandikia hivyo kwa heshima zote.

Kwenye jaribio la pili Skola alipata kumi na saba. Nilikimbia nalo mpaka nyumbani kwa Mzee Deusi, mimi mtu mzima na sketi ya kazi. Aliliangalia akauliza, "Na mguu?"

Aliuliza sawasawa. Mwezi wa nane ulipokuwa ukiisha kidonda kilifunguka upya na homa ikarudi. Daktari alisema wazi: homa ikiendelea, mfupa utasafishwa tena mwezi wa tisa, wiki yoyote ile, na mtihani wake utakuwa basi. Ikikaa chini siku tatu mfululizo kabla ya mtihani, atamruhusu aende kwa magongo, afanye, arudi kitandani. Kuanzia hapo Skola alituandikia kipimo cha nesi kila siku juu ya ukurasa. Homa ikiwa juu alikuwa anaichorea banda. Thelathini na nane na nusu, bandani. Pembeni ameandika, "Hili nalo mnisaidie, sijui limetoka wapi." Watoto walisoma wakanitazama, na mimi nikageukia ubao. Tukafanya asilimia siku ile, kama watu waliokatazwa kuongea.

Wiki ya mtihani ikaingia kwa upepo wa vumbi tunaoujua. Mtihani ulikuwa Jumatano. Jumapili kipimo kilikuwa hakina banda. Jumatatu hakina. Jumanne asubuhi Hamisi alipiga honi kuanzia kwenye kilima cha kanisa, hakuiachia mpaka alipofika getini, nikajua kabla sijafungua mfuko. Hakuna banda! Chini Skola ameandika, "Kesho nakuja mwenyewe. Daftari nirudishieni jioni, nitalileta."

Jumatano watoto walikuwa mstarini Fuso lilipoingia. Hamisi alikuwa amempangia mguu juu ya gunia la maharage na blanketi la mke wake. Alimshusha kama anashusha vioo vya dirisha. Skola alisimama kwenye magongo, vumbi likimpiga, amekonda, sare imekuwa pana, na mstari ambao ulitakiwa kunyamaza ulipiga kelele ambazo msimamizi wa mtihani hakuzipenda hata kidogo. Mzee Deusi alikuwa amesimama na baiskeli yake kwenye ua. Alimtazama bintiye akipita, akavua kofia.

Sisi walimu wa shule haturuhusiwi kukaribia vyumba vya mtihani, nanyi mnajua. Basi nikangoja kwenye Fuso na Hamisi, ambaye chumvi ya Matai ilikuwa inamngoja na yeye haondoki. Tulihesabu nguzo za umeme. Aliniuliza mara tatu kama kuna maswali ya sifuri.

Matokeo niyaseme haraka, kwa sababu najua ndiyo mnayoyasubiri: Skola alifaulu, akaenda sekondari. Alirudi kitandani siku ileile ya mwisho ya mtihani, akasafishwa mfupa mara moja tena, na safari ile ugonjwa ukaisha. Anachechemea mpaka leo na anatembea haraka kuliko mimi. Baba yake ndiye aliyembebea godoro siku ya kuripoti, na hakuna aliyewahi kumtajia habari ya kukaa na bibi.

Mwalimu Joeli, picha zako ni nzuri, endelea nazo. Ila piga na kona ya kushoto. Nakuachia bikari, waya nimeubadilisha. Daftari la Skola silikabidhi, liko hapa mezani wakati naandika, na nitakuambia kwa nini.

Walipotoka kwenye chumba cha Hisabati, wenzake walimzunguka wakiulizana majibu, na mimi nikavuka ua nikitaka kujua kama anaumwa, kama ana njaa, kama alimaliza. Hakunijibu hata moja. Aliegemeza magongo ukutani, akaomba kalamu, akafungua daftari juu ya paja la Editha, kwenye ukurasa wa mwisho uliobaki. Akachora banda. Ndani yake akaandika swali moja alilojua tayari amelikosa, na jibu lake la ovyo, lote, bila kulisafisha. Watoto wakainama kuanza kubishana. Chini ya banda akaandika jina lake, na mstari huu, ambao nimeusoma tena sasa hivi: "Hili nimekosea nikiwa darasani na wenzangu."